Mkwe Hatazamwi Usoni

Machibya alikaa dirishani mwa treni, shingo ameigeuzia milima. Siyo kwamba milima ilimpendeza hivyo. Kwenye kiti hichohicho alikuwepo mama mkwe wake, Nyanzala, na kwao Wasukuma mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Katikati yao walimweka Pelagia, muuza dagaa waliyekutana naye Mbeya.

"Mwambie mama ajifunike, huku juu baridi."

"Kasema ujifunike, mama."

"Mwambie mkwe nashuka stesheni ijayo. Narudi kwangu Sibwesa."

Pelagia akacheka. "Nyie, mimi nimekata tiketi ya abiria, siyo ya kuwa simu yenu!"

Machibya hakucheka. Mkewe, Scola, alikuwa Ifakara na mimba ya tatu, siku zimekaribia. Mbili za kwanza ziliharibika. Hii alisema haendi leba bila mama yake, ndipo Machibya akaacha ng'ombe akaenda kumchukua. Sasa bibi huyo alikuwa amechungulia nje mara moja tu, akaona treni imeshika ubavu wa mlima na chini hakuna ardhi, miti midogo kama mboga. Roho ikamruka. Tayari alikuwa ameshafunga kifurushi chake.

"Mwambie..." Machibya akaanza. Akakwama. Maneno yaliyomjaa hayakuwa ya kupitishia mdomo wa mtu.

Treni ikaingia handakini. Giza likawa zito. Mkono mkavu ukapapasa mapajani mwa Pelagia, ukapita, ukashika shati la Machibya.

"Mkwe?"

Tangu aoe, hakuwahi kuitwa na sauti ile.

"Nipo, mayu, mama yangu."

"Mwanangu anaogopa?"

"Anaogopa sana. Usiku anakuita wewe, mimi haniiti."

"Na mimi naogopa, mkwe. Hili lidude litatuangusha."

"Hata mimi linanitisha. Nishike tu."

Bibi akamshika mkono. Kucha zikaingia mpaka kwenye nyama, na Machibya akaacha ziingie.

Mwanga ulipowarudia, mkono haukuwepo tena, na kila mmoja alikuwa anatazama upande wake. Pelagia alitazama juu, kama mtu ambaye hakusikia kitu. Breki zikalia, stesheni ikafika. Bibi akakipakata kifurushi.

"Muulize mkwe," akasema, "mashimo ya giza kama lile yapo mengine?"

"Mwambie yapo mengi, mpaka tumalize kushuka milima."

Bibi akakisukuma kifurushi chini ya kiti.

"Basi tutafika."