Lady wa Futi Moja

Meza ya tisa ilikuwa ubavuni mwa mlango wa choo. Huko ndiko walikomweka bibi Jerusha, Shosho wa wote, kwenye harusi ya Kawira, mjukuu aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kila aliyekwenda haja pale ukumbini Blacktown, huko ughaibuni, alimpungia mkono.

Kwenye meza kuu alikaa Kendi, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mwaka jana Kendi alinunua ardhi ya Uskoti kwenye intaneti, futi moja kwa futi moja, akatumiwa cheti chenye muhuri mwekundu kinachosema mwenye ardhi hiyo ni Lady. Tangu hapo ukimwita Mama Maxwell, haitiki. Ni Lady Kendi.

Jerusha alivumilia meza. Alivumilia na harufu ya dawa ya choo. Lakini alipofungua programu ya harusi, aliyoiandika Kendi mwenyewe, akakuta: "Keki ya nyanya, itapokelewa na Lady Kendi." Damu ikamchemka. Keki ya nyanya! Ile ambayo bibi harusi humlisha bibi aliyemlea, akiwa amepiga magoti!

Wainaina, mshereheshaji, akashika kipaza sauti. "Sasa namwalika Lady..."

"Wainaina! Ngoja kidogo, baba." Jerusha alisimama. "Huyo Lady, mumewe ni nani?"

"Si mzee Ogutu, Shosho? Dereva wa lori."

"Malkia alimpa cheo lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Shosho, unaniaibisha," Kendi akasema. "Ni heshima tu."

"Heshima? Mimi nimemwogesha Lady wa kweli miaka sita, nikifanya kazi kule nyumba ya wazee. Mumewe alipewa cheo cha Sir, naye akapata u-Lady kwa ndoa. Siku ya kwanza nikamwita Lady. Akasema, niite Peg, na sabuni isiniingie machoni. Wewe mwenye shamba lisilotosha mashina mawili ya sukuma wiki, ndiwe wa kula keki yangu? Kawira alipougua surua ulikuwa wapi?"

Kawira alikuwa keshainuka. Akaichukua keki mbele ya Kendi, akapita katikati ya meza na shela likiburuzika, akapiga magoti pale pale mlangoni pa choo. Jerusha akalishwa kipande, akakitafuna na hasira zake.

"Mkatie na Mama Maxwell," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mwite kwa jina hilo. Akiitika, mpe. Asipoitika, kirudishe."

"Mama Maxwell!" Kawira akaita.

Kendi akaitazama ile keki.

"Naam," akasema.