Ndoo ya Kuwaitia Samaki

Wanawake wengine wana wake wenza. Mimi nilikuwa na ndoo. Kila asubuhi mume wangu aliibeba imejaa chakula cha samaki hadi kwenye vizimba vyetu, vile vyumba vya nyavu vinavyoelea kando ya gati, akaigonga kwa pete yake ya ndoa, na samaki wote wakapanda juu midomo wazi. "Waone wanangu," alikuwa akisema. Mimi nikimwita kula, hasikii mpaka nipige kelele.

Hakuwa mfugaji kwa kupenda. Alikuwa mvuvi, tena wa kujivunia. Lakini konyeza walizidi baharini, wale viumbe laini wanaoteleza kama ute wa yai na kuwasha kama upupu. Walikula mayai ya samaki na vifaranga vyao, wakamaliza hata vile vijidudu ambavyo dagaa huvitegemea. Wavu ukija mzito, wenzake wanashangilia. Wakiuvuta, ute mtupu, na mikono imevimba. Mashua ikauzwa. Tukaweka vizimba, tukakubaliana kwamba samaki hawa wasipofika sokoni, yeye atakwenda bara kwa kaka yake kuchoma matofali, mimi nibaki na watoto. Hakuna aliyetaka kulitaja tena.

Asubuhi moja tuliyakuta maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mkondo ulikuwa umewasukuma konyeza, wamejaa juu kote, vipande vyao vikipenya kwenye matundu ya nyavu. Samaki hawakuonekana. Walikuwa wamejibana chini kabisa.

"Wamekufa?" mume wangu aliuliza.

"Wamejificha. Waache. Maji yakitoka, na hawa konyeza wataondoka."

"Wanakufa huko chini, mama watoto, na mimi nimesimama tu kama mlingoti!"

"Tulia basi, baba watoto. Leo samaki wana akili kukushinda."

Hakutulia. Mtu aliyezoea kulisha, hata akiona hatari hulisha. Nilimdaka mkono nikiwa nimechelewa; ndoo ilikuwa imeshalia.

Wakapanda. Wote, kwa adabu ile ile ya kila siku, wakipita katikati ya konyeza kumfuata aliyewaita. Ute ukawaingia midomoni, mashavu yakaungua. Walizunguka kama walevi, kisha wakaanza kugeuka matumbo juu.

"Rudini chini!" mume wangu alipiga kelele. "Rudini!"

Hilo hakuwa amewafundisha.

Tuliwazoa hadi mikono ikafa ganzi. Angekuwa mzembe ningemsema mpaka asubuhi. Kilichowaua ni kule kuwapenda kwake, na hilo liliniuma kuliko hasara.

Siku ya safari yake ya bara alipita gatini kuisuuza ndoo, aniachie ya kufulia. Nilisimama nyuma yake na begi lake. Alipoigeuza kumwaga maji, pete ikagonga bati.

Kizimba tulichodhani ni kitupu kikatikisika. Wakapanda samaki wachache, ubavuni wana makovu, jicho moja la mmoja wao limeziba. Wakajipanga mbele yake midomo wazi.

"Bado wanakuja," alisema, akalia mbele ya watu wote waliokuwa gatini bila kuficha uso.

Ndoo haikuwa na kitu. Nililitua begi pale pale, nikakimbia nyumbani kutafuta chochote cha kuwapa.