Buko Mwenye Nywele za Nyoka

Mimi Marcelline simwamini mwanamume anayeleta unga nyumbani bila kusema umetoka wapi. Mwaka ule wa tisini na nane, nusu ya mji wetu wa Likasi ilikuwa inalala njaa. Mkwe wangu Dodo, fundi umeme, bado alivaa ovaroli yake kila asubuhi, ingawa kiwanda kilikuwa kimeacha kumlipa zamani. Alasiri anarudi na unga wa mahindi, siku nyingine na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Binti yangu Blandine anasonga bukari huku anaimba. Mimi nakula, lakini kila tonge nalitilia shaka.

Ningemwuliza mwenyewe, ila kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Ni buko, na buko ni heshima. Dodo akinikuta uani anageuka upesi, anainamisha kichwa, anarudi kinyumenyume mpaka anifikie na kunipita. Hali hiyo huisha siku mama mkwe anapompikia kuku na kumpakulia kwa mkono wake; hapo ndipo anainua macho. Tangu harusi sikuwa nimempikia. Watu niliwaambia sina kuku. Kuku nilikuwa naye, tena anataga vizuri. Aliyekosekana ni mkwe wa kuaminika.

Siku moja nikamfuata. Akaingia kwa Michée, kijana mwenye chumba cha kuchapia barua kwa kompyuta, kwenye njia ya kwenda Kakontwe. Nikasimama dirishani nikijifanya nafunga kitenge. Hakuna aliyekuwa anachapa barua. Dodo alikuwa ameketi mbele ya mashine, na kwenye kioo chake palikuwa na njia nyembamba za mawe na mkono mmoja ulioshika bunduki. Mwenye mkono haonekani, kana kwamba ni wewe mwenyewe unayetembea mle ndani. Akatokea mbwa mwenye vichwa vitatu, Dodo akampiga risasi. Akatokea mtu mwenye kichwa cha ng'ombe, naye risasi. Hakupepesa hata jicho.

Mara akatokea mwanamke mtu mzima, nywele zake zote ni nyoka. Dodo huyohuyo, mle kiooni, akageuka upesi, akampa mgongo, akaanza kurudi kinyumenyume, anatazama chini tu, kwenye kivuli chake ndani ya maji yaliyotuama sakafuni, mpaka akamfikia na kumpita.

Mwendo ule niliujua. Ni mwendo wa uani kwangu!

Najua picha ni picha, mimi si mtoto. Lakini mwanamume hamfichi mwanamke uso wake hivihivi, kama hajaoa binti yake. Yule alikuwa buko wake. Na mwenye mama mkwe wa pili ana mke wa pili, na unga unatoka huko.

"Funga bintu byako," nilimwambia Blandine nilipofika nyumbani. "Kesho tunaenda ku Kambove, kwa mujomba Numbi. Bwana yako iko na bibi ingine. Mama ya ule bibi nilimuona na macho yangu."

"Wapi, mama?"

"Mu ordinatere, ile kompyuta ya Michée."

Mwiko ukamwanguka. Alilia mpaka nikaudhika, maana machozi hayafungi mizigo. Mwishowe akajifuta uso. "Uliza kwanza, mama. Kama ni kweli, tutaenda."

Kesho yake, mizigo ya Blandine ikiwa imefungwa na kuwekwa mlangoni, nikarudi kwa Michée kuuliza. Chumba kilijaa vijana hadi dirishani, wote wamekodolea kioo macho. Dodo alikuwa kwenye mashine, na yule mwanamke wa nyoka alikuwa ndiyo kwanza anatokea. Nikawasukuma vijana, nikasimama kando ya kioo, uso kwa uso na mkwe wangu.

"Michée! Huyu mwanamuke ni nani? Binti yake iko wapi?"

Dodo alisikia sauti yangu, akaona upindo wa kitenge changu. Akaachia vibonyezo vyote, akafunika uso kwa mikono miwili. Kwenye kioo, bunduki ikasimama palepale. Mwanamke akazunguka akaja mbele, anatabasamu, na kila kitu kikawa kijivu. Vijana wakapiga yowe kama msibani.

Michée alijishika kichwa. "Mama, umetuua! Ni jeu tu, muchezo wa hadithi ya Bagiriki ba zamani. Ule mwanamuke, ukimuangalia, unageuka jiwe. Bote banakufaka hapa. Ni Dodo tu njo anajua kumupita. Bantu banamulipa unga juu ya kubapitisha pale. Leo huyu patron alileta gunia muzima!"

Patron, tajiri mwenyewe, alikuwa pembeni, hakupitishwa, tayari analipandisha gunia lake begani.

"Nani alimufundisha kumupita vile?" nikauliza.

Michée akanitazama mimi, akamtazama Dodo aliyekuwa bado amefunika uso. "Mama, na weye unauliza?"

Gunia likatoka mlangoni. Dodo alilisikia likitoka, na hakuondoa mikono usoni. Angeweza kunipuuza kwa dakika moja tu, aendelee kutazama kioo chake, na sisi tungekula mwezi mzima. Hasira nilikuwa nayo bado, ila nilikosa wa kumtupia. Nikatoka kinyumenyume, mimi mama mtu, vijana wakinipisha.

Nyumbani nikamkamata kuku.

"Mama, ile ya mayai?" Blandine akashangaa.

"Nyamaza. Leta maji ya moto. Na ile mizigo yako, rudisha mu chumba."

Dodo alirudi mikono mitupu, akaketi macho chini. Nikamwekea sahani, nikanyofoa paja, nikamtia mkononi.

"Dodo, uniangalie."

Aliogopa. Mimi niliogopa zaidi, kwa kuwa uso huu nilimnyima miaka yote ile na sasa sikujua ataona nini. Akainua macho taratibu, kwanza mikono yangu, halafu shingo, halafu uso. Blandine akaja kusimama mlangoni; Dodo akamtazama, kisha akanitazama tena.

"Mama," akasema, "kumbe Blandine anafanana na weye."

Nikamwambia ale, bukari inapoa.