Mwalimu wa Kusikiliza

Mwaka 2012 nilikuwa nikifanya kazi Kakuma, nikiwafundisha wakimbizi namna ya kusikilizana nyumbani. Mke wangu, Makena, alikuwa mwalimu wa shule Lodwar, nami nilimtembelea kila nilipopata nafasi.

Jumamosi moja nilifika nimechoka, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi. Makena alinipa chai, akaanza kuzungumza. Nilitikisa kichwa taratibu kama ninavyowafundisha watu, kisha nikamwambia kwa upole, "Naelewa unavyojisikia. Huo mfereji wa maji wa jikoni nitautengeneza kesho."

Akanitazama. "Mfereji gani?"

"Unaovuja. Si ndio unaolalamikia?"

"Mimi sijalalamika, Baba Kendi."

Ningepaswa kunyamaza hapo. Badala yake nilimweleza kwamba mtu anayekana hasira huwa ana hasira. Alipokasirika kweli, nilifurahi kuona nimesema kweli. Tulibishana hadi chai ikapoa, mimi nikiyatetea masikio yangu na kumtajia vyeti nilivyopewa kwa kusikiliza.

Mwishowe akasema polepole, "Nilikuambia nimepata uhamisho. Nakuja kufundisha Kakuma, tuishi pamoja."

Jambo hilo nilikuwa nimeliombea kanisani tangu tuoane. Nilimshika mkono, nikamwomba msamaha, naye akakubali huku akijizuia kucheka. Kisha akauliza kama nyumba yangu ya Kakuma ina feni.

Nikamwambia kwamba joto ni mazoea tu.

Akaweka kikombe chini, tukaanza upya.