Sentensi Nzima

Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyonitoa jikoni. Nilimkuta mdogo wangu sakafuni, kando ya meza ya kukatia nguo, mdomo umekwenda upande. Pasi ilikuwa bado juu ya suruali ya mteja. Nikaichomoa, nikapiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni.

Alikuwa fundi cherehani, mwembamba tangu utotoni, hata baba akamwita Sindano. Mimi nilikuwa Pipa. Kila nilipojiongezea chakula aliikodolea macho sahani yangu. "Dada, hayo mafuta yatakuua, uniachie kazi ya kushona sanda ya mita kumi." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye alidonoadonoa tu kama ndege, na maisha yake yote hakuwahi kupima chochote isipokuwa viuno vya watu.

Daktari alisema ni kiharusi. Donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Lehemu, yale mafuta yanayotembea ndani ya damu, ilikuwa imepita kiasi kwa miaka mingi.

"Lakini mwone alivyo," nikasema.

"Hayaonekani kwa macho, mama. Wengine huzaliwa nayo. Na wewe njoo upime."

Nilikwepa kadiri nilivyoweza, mwisho nikatoa mkono wakanichoma. Majibu yalisomwa mbele yetu sote wawili, mdogo wangu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Damu yangu ilikuwa safi kabisa. Nilishusha pumzi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, tena mara mbili. Nilipogeuka, alikuwa ananitazama. Siku hizo kiharusi kilikuwa kimemwachia neno moja tu, "hapana", alilolitumia kuomba maji, kuomba kwenda msalani, hata kushukuru. Safari ile hakulisema hata hilo.

Nikahamia kwake. Nilimpa dawa zake kila jioni, nikampikia vya kuchemsha, nikamkanda vidole mpaka vyangu vikafa ganzi. Mafuta yakashuka. Daktari akafurahi, akatuonyesha tarakimu kama mtu anayeonyesha picha za mtoto wake. Damu ilikuwa imetengemaa, lakini mkono wa kulia haukuwa na habari. Ulikaa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike kidogo.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua, kwenye chumba cha mazoezi ya kuongea. Mtaalamu, mwanamke mchangamfu asiyechoka, alikuwa anamwonyesha picha: kikombe, mlango, kiatu. Mdogo wangu akazisukuma pembeni kwa mkono wa kushoto. Akanigeukia. Midomo ikahangaika, shingo ikatoka mishipa.

"Kwa nini... si wewe?"

Mtaalamu aliruka kutoka kitini. "Umesikia? Sentensi nzima! Kila neno mahali pake!" Akapiga makofi huku akinitazama, akingoja na mimi nipige.

Nikapiga.

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Sijui kama aliona haya, au alikuwa amechoka tu. Nilimfuta mate kidevuni, nikamfunga vifungo vya koti.

Tukapanda teksi. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu. Katikati ya njia kichwa chake kikaniegemea begani, kizito, na hata dereva aliposema tumefika, sikujisogeza.