Kusoma Nta

Mafundi wenzake walimwita Taratibu, jina alilopewa kwa kejeli kabla halijazoeleka. Marehemu mume wake alikuwa fundi bomba, na kwa miaka sita alimfundisha kazi, kuanzia kushika tochi hadi kubana nati. Alipofariki, karakana ilibaki mikononi mwa kaka mkubwa wa marehemu. Shemeji huyo alisema mbele ya mama mkwe kwamba Taratibu atapimwa kama fundi mwingine yeyote: afunge choo kimoja peke yake, kisha kisomwe nta. Akifaulu, nafasi ya mumewe ni yake. Akishindwa, aache vifaa mlangoni.

Kusoma nta ulikuwa utaratibu wa karakana ile tu, na aliyeuanzisha ni baba mkwe. Choo cha kukaa hukalishwa juu ya ringi ya nta, laini kama udongo wa mfinyanzi, inayobanwa kati ya choo na mdomo wa bomba la sakafuni ili maji yasipenye. Kazi ya kwanza ya fundi mpya iliinuliwa mara moja, watu wakatazama nta ilivyotandaa. Baada ya hapo ilikwanguliwa yote ikatupwa, choo kikafungwa upya kwa ringi nyingine, kwa sababu nta iliyokwisha kubanwa ikiinuliwa haishiki tena. Hilo hata mfagiaji wa karakana alilijua.

Choo alichopangiwa kilikuwa ghorofani, katika nyumba ya mama mmoja mfupi aliyependa kusimama mlangoni na kuuliza bado kiasi gani. Cha zamani kilikuwa kikivuja chini kwa chini hadi dari la sebule likaota madoa ya rangi ya chai. Taratibu alikitoa, akaziba bomba kwa tambara harufu isipande, akakwangua nta nyeusi mpaka chuma kikang'aa. Kisha akapiga magoti na rula.

Waliopanga vigae vipya walivipanga juu ya vile vya zamani, kwa hiyo mdomo wa bomba ulikuwa umezama upana wa kidole chini ya sakafu. Ringi nyembamba isingefika. Ya mpira ina faida yake, unaweza kuiinua na kuirudisha hata mara tatu, lakini ukingo wa bomba ulikuwa umemegeka upande mmoja, na mpira haujazi pengo kama nta. Ilibaki nta nene, na mkobani alikuwa nayo moja. Jana yake alipoomba ya pili, ya kufungia baada ya kusomwa, shemeji alimwambia asijali, atakuja nayo mwenyewe.

Alitoa tambara, akapachika ringi, akakishusha choo kipya wima, bila kukizungusha, bolti zikaingia kwenye matundu yake. Akakikalia kwa uzito wake wote, kimya, kama alivyofundishwa, halafu akabana nati nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Akavuta maji mara kumi. Akashuka sebuleni, akapanda ngazi na kupapasa dari kwa karatasi ya chooni. Kavu.

Saa nne shemeji alifika na mama mkwe, ambaye alikuwa amefua ovaroli za mafundi kwa miaka arobaini. Walifunga maji, wakalegeza nati, shemeji na Taratibu wakakiinua choo pamoja na kukilaza kwenye gunia. Nta ilikuwa imetandaa duara zima, hata pale palipomegeka. Shemeji aliinama akaitazama kwa muda mrefu, akakiri kwamba hata marehemu hakuwahi kubana vizuri namna ile.

"Haya, rudisha," shemeji akasema.

Taratibu akanyoosha mkono apewe ringi mpya. Shemeji alijipapasa mifuko, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Nimeisahau. Rudisha hivyo hivyo."

"Shemeji, nta hii imeshakufa."

"Imekufa? Umempima mapigo?"

Mwenye nyumba alicheka. Taratibu aliomba nusu saa akimbie karakanani. Shemeji alisema ufunguo wa stoo anao yeye na leo hafungui. Mwenye nyumba akasema ana wageni mchana, hawezi kuwaonyesha shimo. Kisha, akiwa na wasiwasi kidogo, akauliza kama kitavuja.

"Kitavuja," Taratibu akajibu. "Labda si leo, lakini kitavuja."

Shemeji aliuliza ni fundi gani anayemwambia mteja kwamba kazi yake mwenyewe ni mbovu. Taratibu akamgeukia mama mkwe. "Mama, sema wewe."

Bibi alijitanda mtandio vizuri. "Mimi habari za vyoo nazijulia wapi, mwanangu?"

Basi shemeji alikifunga mwenyewe. Aliipaka ile nta iliyobapa kwa dole gumba, akashusha choo, akakikalia huku anapiga mluzi, akabana, akavuta maji mara tatu. Sakafu ikabaki kavu.

"Kinavuja wapi?" akauliza.

Mwenye nyumba alimtazama Taratibu kama mtu aliyekaribia kutapeliwa dukani. Shemeji alisema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nta imesomeka, hilo hana ubishi, lakini fundi anayekataa kazi mbele ya mteja atamwaga unga wa karakana nzima. Vifaa aviache pale mlangoni.

Ilibidi Taratibu amshike mama mkwe mkono kwenye ngazi, maana magoti yake yalikuwa mabovu. Walipofika chini Taratibu akasema, "Ulijua, mama."

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nimeshazika mmoja," bibi alisema, akiutoa mkono wake taratibu. "Huyu aliyebaki ndiye anayenilisha."

Alhamisi iliyofuata mwenye nyumba alikuja mbio uani, kati ya karakana na vyumba vya familia, sketi imelowa, akisema dari limeanguka juu ya makochi. Taratibu alikuwa chumbani kwake akikunja nguo za marehemu, dirisha wazi, akasikia kila neno. Shemeji alimpa pole, akamwambia yeye alikirudisha tu, aliyekifunga ni yule mwanamke, na karakana ilishamfukuza siku ile ile.

"Lakini alisema kitavuja," mwenye nyumba akasema. "Jamani, alisema mbele yetu sote."

"Alijuaje?" shemeji akauliza. "Si kwa sababu alikiharibu mwenyewe?"

Kisha mwenye nyumba akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa macho, kumbe. Mama mkwe akamletea kiti, akamwuliza kama angependa maji ya kunywa.