Soketi za Nyumba Isiyouzwa

Soketi ya jikoni ilipolipuka, Wayua alikuwa angali ameshika waya wa birika. Cheche ziliruka, ukuta ukawa mweusi, nyumba ikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Alizima meni swichi, ile inayokata stima nyumba nzima, akafungua madirisha. Kisha akakagua soketi zingine. Zote zilikuwa zimelegea, plagi inachezacheza ndani kama jino bovu.

Alimpigia simu shemeji yake, Muteti, akamweleza kuwa soketi zote lazima zibadilishwe. Jibu lilikuja upesi: "Weka ile ya bei ya chini kabisa. Nyumba yenyewe si tutauza?"

Neno hilo alikuwa amelisikia tangu mumewe, Kimanzi, azikwe. Muteti, kaka mkubwa wa marehemu, alishaleta hata mnunuzi, mwanamume aliyezunguka vyumbani akigonga kuta bila kumsalimu mwenye nyumba. Lakini nyumba hii ya Kitengela waliijenga wawili, Kimanzi akiendesha lori, yeye akishona nguo kiwandani Athi River. Hata ploti imeandikwa kwa majina yao yote mawili.

Asubuhi alienda kwa Nduta, mama wa hardware, duka la vifaa vya ujenzi. Nduta akaweka soketi mbili kwenye kaunta. Ya kwanza ilibonyea chini ya kidole, na plagi iliingia na kutoka kama imepakwa mafuta. Ya pili ilikuwa nzito, shaba yake ya ndani nene. Iliishika plagi mpaka Wayua akaivuta kwa nguvu.

"Hiyo nyepesi ni ya wenye haraka," Nduta akasema. "Hii nzito ni ya mtu wa kukaa."

"Nipe ya kukaa. Za nyumba yote. Na uongeze moja ya veranda, niweke cherehani hapo."

Kisemei, fundi wa stima, alikuwa ameshang'oa soketi ya jikoni, nyaya zinaning'inia, Muteti alipoingia bila kubisha.

"Nani amekuruhusu kubomoa nyumba ya ndugu yangu?" Akamgeukia Kisemei. "Fundi, wacha hiyo kazi."

Kisemei akashusha bisibisi, akamtazama Wayua.

"Endelea, Kisemei. Aliyekuita ni mimi."

"Wayua, nitaita wazee!"

"Waite, shemeji. Waambie waje na simu zao, watapata mahali pa kuchaji."

Kisemei aliinamia ukuta haraka kuficha kicheko.

"Unanikosea heshima," Muteti akasema.

"Heshima yako niko nayo. Hujawahi kuja hapa ukalala njaa. Lakini nyumba siuzi. Na huyo mnunuzi wako akirudi, kwanza atanisalimia, halafu nitamwonyesha geti."

Wazee walikuja kweli, Jumapili baada ya kanisa. Muteti aliongea sana juu ya mali ya ukoo. Wayua alisema maneno machache tu, tena akiwa amesimama: "Hapa nilijenga, hapa nitakaa."

Munguti, mjomba wa marehemu, akamuuliza Muteti, "Wakati wa kujenga, wewe ulileta jiwe gani?"

Muteti akaanza kutafuta funguo zake mfukoni.

"Basi mama, tuletee chai," Munguti akamwambia Wayua.

Muteti hakuingoja. Siku hizi, anayetaka mtoto wake ashonewe sare ya shule humkuta Wayua verandani, cherehani ikinguruma.